Maswali ya wasomaji: kibali cha kuchoma shamba, barabara za moto na moto wa jirani

Barua za toleo hili zimetoka zaidi Nyanda za Juu Kusini: Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete, ambako mahindi na viazi vimepakana ukuta kwa ukuta na misindano na mikaratusi. Tumeyaandika majibu tukiwalenga wakazi wa huko. Mengi yatawafaa pia wenye kiangazi kirefu kwingineko.

Shamba ni langu. Kibali cha nini?

*Ndugu wahariri, nina ekari 2 za mahindi huku Kilolo na hatimiliki ya kimila ninayo. Mwenyekiti wa kitongoji kanizuia kuchoma mabua mpaka nipate kibali. Je, ana haki hiyo?*

Anayo. Hatimiliki inakupa ardhi, lakini moto ukishavuka mpaka hauko tena kwenye ardhi yako. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 (Sura ya 323) imetenga sehemu nzima kwa ajili ya moto, na inamtaka anayechoma uoto apate ruhusa kwanza na kuudhibiti moto wake. Juu ya hiyo kuna sheria ndogo za halmashauri yako na za kijiji chako. Hizi za kijiji ndizo zenye masharti ya kila siku: miezi ya kuchoma, saa, idadi ya watu, faini. Hazifanani kati ya kijiji na kijiji, kwa hiyo nenda ofisi ya mtendaji uombe kuzisoma mwenyewe. Usitegemee kuhadithiwa.

Kibali kinachostahili jina hilo huandikwa hivi: jina la mwenye shamba na kitongoji, ukubwa wa eneo, tarehe moja inayojulikana, pamoja na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, majina na saini za majirani wa pande zote nne, jina la msimamizi atakayekuwepo mpaka mwisho, watu na vifaa. Karatasi inayosema tu "anaruhusiwa kuchoma mwezi wa tisa" haimkingi mtu yeyote. Mtendaji aliyeitoa hajui ni lini awe macho, na jirani hajui lini asogeze mizinga yake au achote maji.

Jambo la kuzingatia hapa ni saini za majirani. Ukishindwa kuzipata, shida haiko kwenye karatasi. Jirani ana sababu: miti michanga mpakani, nyumba ya nyasi, au mkeka mzito wa majani makavu ambao hajaondoa. Maliza hilo naye kwanza. Na kibali cha Jumanne hakitumiki Alhamisi. Upepo ukiwa mbaya siku yako, ahirisha, rudi ofisini, andikiwa tarehe nyingine.

Namna ya kuchoma bila kupoteza moto

*Shikamooni wakubwa. Nimepewa kibali cha kuchoma ekari 1 ya nyasi na mabua kwenye mteremko. Mwaka juzi kijana mwenzangu alichoma hapo jirani, moto ukamshinda. Nianzie wapi?*

Marahaba, kijana. Anzia mpakani, siku kadhaa kabla ya kiberiti.

Ekari moja yenye umbo la mraba ina upande wa takriban mita 64, yaani mzingo wa kama mita 256. Zunguka wote kwa kufyeka na kulima ukanda wa mita 3 hadi udongo uonekane. Ukanda huo ndio barabara yako ya moto. Nyasi zikiwa ndefu kama mtu, ongeza upana: ukanda uwe angalau mara mbili au tatu ya urefu wa kinachoungua. Kosa tunaloliona sana ni kufyeka na kuacha nyasi zimelala palepale. Nyasi zilizofyekwa hukauka kuliko zilizosimama, na moto hupita juu yake bila taabu. Vuta kila kitu kwa reki ukitupe ndani ya eneo litakalochomwa, wala usikitupe upande wa jirani.

Vifaa: mabomba mawili ya kupulizia dawa ya lita 15 hadi 20, yaliyooshwa vizuri na kujazwa maji, pipa la lita 200 lililosogezwa hadi juu ya shamba, reki, majembe, mabeleshi, na vipigio vya moto. Kipigio ni mti wa mita 2 wenye kipande cha raba ya gari cha sentimita 30 kwa 40 kilichofungwa kwa bolti mbili. Watu wasipungue 5 kwa ekari moja kwenye mteremko, na wote wawe wazima kabisa, asiwepo aliyekunywa. Nguo ziwe za pamba. Nailoni huyeyuka na kugandia mwilini.

Saa nzuri ni kuanzia saa 10 jioni, jua likishapungua makali na upepo wa mchana ukianza kutulia, ili saa 12 miali iwe imekwisha na mianga ya makaa ionekane kwa urahisi gizani. Wengine huchoma saa 2 asubuhi. Hatupendekezi hivyo: moto ulioanza kwa utulivu saa 2 unakutana na jua na upepo wa saa 5, na hapo ndipo hukimbia. Tazama pia miti. Majani yakitikisika mfululizo, upepo umeshafika kilomita 12 hivi kwa saa na kupanda. Vumbi likianza kuinuka barabarani, umepita 20. Ikiwa hali imefika hapo, funga vifaa mrudi nyumbani.

Washa kwanza kipande cha mita moja kwenye kona ya juu uone moshi unaelekea wapi na miali inapanda kiasi gani. Kikienda vizuri, endelea kuwasha kwenye ukingo wa juu wa mteremko, au ule unaopokea upepo mwisho kama shamba ni tambarare. Moto utashuka polepole ukipingana na upepo au mlima. Utaudhi kwa uvivu wake, lakini huo ndio moto unaotii. Ngoja hadi uwe na ukanda mweusi wa mita 10 ulioungua kabisa, ndipo uwashe pande mbili za ubavuni, mita 3 hadi 5 kwa kila hatua, mtu akiwa na bomba nyuma ya anayewasha. Upande wa chini huwashwa mwisho kabisa, na mara nyingi hakuna haja ya kuuwasha.

Mwenzako huenda aliwasha chini. Moto unaopanda mlima hukausha nyasi za mbele yake kabla haujazifikia, na kasi yake huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za mteremko. Kwenye nyuzi 20 tayari una mara nne. Hakuna mtu wa kuufuata huo kwa tawi bichi. Wengine huwasha pande zote nne kwa pamoja ili wamalize haraka. Joto la pande zote hukutana katikati, hunyanyua hewa kwa nguvu na kuzua kisulisuli kinachorusha vipande vinavyowaka juu ya barabara yako ya moto. Wanyama wadogo nao hukosa pa kutokea.

Baada ya miali kuisha, kazi haijaisha. Kwa uzoefu wa eneo hili, moto mwingi unaotoroka hutoroka kesho yake mchana kutoka kwenye kisiki, gogo au kinyesi cha ng'ombe kilichobaki na kaa ndani. Pita ukanda wa mita 10 kutoka mpakani kuelekea ndani: pasua magogo, fukua visiki, mwaga maji, koroga, mwaga tena. Usifukie makaa kwa udongo ukadhani umeyazima. Chini ya udongo huendelea kufukuta siku nyingi, na mizizi mikavu huyapeleka mbele. Sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu bila kugusa. Ukihisi joto, bado. Rudi kesho saa 5, wakati jua linapanda, na siku mbili zinazofuata. Mvua ya rasharasha isikudanganye.

Jambo la mwisho kwako: usichome chini ya nyaya za umeme. Moshi mzito chini ya laini ya msongo mkubwa unaweza kusababisha umeme uruke hadi ardhini, na nguzo za mti huungua kwa chini na kuanguka baadaye.

Barabara ya moto kwa ekari moja ya misindano

*Nimepanda misindano ekari 1 huko Mufindi. Bwana misitu anasema niache mita 10 kuzunguka shamba. Nikipiga hesabu naona natupa ardhi. Je, mita 3 hazitoshi?*

Hesabu yako ni sahihi, na bwana misitu naye yuko sahihi. Ekari yenye upande wa mita 64, ukitoa mita 10 kila upande, inabaki mita 44 kwa 44, yaani chini ya mita za mraba 2,000 kati ya 4,047. Zaidi ya nusu ya shamba imekuwa barabara. Hakuna mkulima mdogo atakayefanya hivyo, ndiyo maana mashamba mengi ya ekari moja moja hayana kinga yoyote, na moto ukiingia kwa mmoja unawamaliza wote.

Mita 3 hazitoshi kwa misindano iliyokua. Zinaweza kuzuia moto unaotambaa kwenye nyasi fupi siku isiyo na upepo, lakini sindano kavu zikiwa na utomvu hutoa miali mirefu, na miali inayolazwa na upepo hupita mita 3 bila shida.

Dawa yake ni kuungana. Wamiliki 10 wenye ekari moja moja zilizopakana wakihesabu kwamba wana shamba moja la ekari 10, upande wake ni kama mita 201. Mita 10 kuzunguka nje zinabakiza mita 181 kwa 181, na hasara inashuka kutoka zaidi ya nusu hadi kama asilimia 19. Ndani, kati ya jirani na jirani, acheni njia moja ya mita 5 kila baada ya ekari kadhaa ili watu na bomba wapite. Mwenye ekari iliyo pembeni ndiye anayepoteza zaidi, kwa hiyo fidianeni: wa katikati wachangie vibarua wa kusafisha, au wamgawie sehemu ya mavuno. Liandikeni hilo na kulisaini kwa mtendaji kabla ya kupanda. Tunalisisitiza kwa sababu tumeona makubaliano mazuri ya mdomo yakivunjika miti ilipofika umri wa kuuzwa.

Kuhusu mahali, kama kuna kilima, pitisha barabara juu mgongoni mwake. Katikati ya mteremko haifai, maana moto unafika hapo ukiwa na kasi na sindano zinazowaka huviringika kuivuka. Tumia vilivyopo: barabara ya gari, mto, bonde lenye maji, shamba la chai. Pale penye mwinuko mkali usilime barabara yote kuwa udongo mtupu, mvua za Novemba zitaichimba iwe korongo. Lima mita 3 za upande wa nje, zilizobaki ziwe nyasi zilizofyekwa fupi na kuondolewa.

Safisha Mei na Juni, mvua zikishakatika na nyasi zikiwa bado zina ubichi. Kazi hiyo Mei ni ya fyekeo. Ukiiacha hadi Septemba, nyasi zimeshakauka na moto wa watu wengine umeshaanza kutembea. Septemba rudi kuondoa tu sindano zilizoanguka. Pia pogoa misindano hadi mita 2 kutoka ardhini mara urefu wake ukiruhusu, na matawi uliyoyakata yasilale ndani ya mita 10 za mpaka. Bila matawi ya chini, moto wa nyasi unapita chini. Yakiwepo, unapanda kileleni, na msindano uliounguliwa kilele hauchipui tena. Mkaratusi angalau huchipua kisikini.

Je, kuchoma mabua kunaua viwavijeshi?

*Baba yangu anasema tusipochoma mabua viwavijeshi watarudi. Mimi nataka kuyaacha yaoze.*

Mheshimu baba, maana ana sehemu ya ukweli. Funza wa mabua, yule anayetoboa shina la mhindi, hupumzika ndani ya bua kavu kungoja mvua, kwa hiyo kuharibu mabua kunampunguza. Lakini kiwavijeshi vamizi hushuka kuwa buu ndani ya udongo, sentimita 2 hadi 8 chini. Moto wa mabua ni mwepesi, haufiki huko. Kwa huyu, kuchoma ni kazi bure.

Na funza wa mabua ana njia nyingine. Kata mabua mara baada ya kuvuna, yatandaze juani wiki kadhaa. Joto na ukavu huwaua wengi. Kisha yakatekate uyalaze kwa mistari ya kukinga mteremko, au lisha ng'ombe na urudishe samadi. Ukichoma, naitrojeni na salfa nyingi huondoka na moshi. Kinachobaki kwenye majivu, yaani potasiamu, kalsiamu na fosforasi, husombwa na mvua za kwanza, hasa kwenye miteremko kama ya Kilolo. Mahindi ya mwaka wa kwanza hustawi kwa majivu na hilo ndilo linalowafanya watu waamini moto. Baada ya misimu michache unanunua mbolea kufidia ulichopeperusha.

Mahali tunapokubali kuchoma ni kwenye masalia ya viazi na nyanya yenye ugonjwa, na hata hapo choma kwa marundo: upana mita 1.5, kimo mita 1, mita 5 kati ya rundo na rundo, mbali na mpaka kwa mita 10 au zaidi, moja baada ya jingine.

Moto wa jirani umeniunguzia miti, kijiji kimekula faini

*Mwezi uliopita jirani alichoma bila kibali, misindano yangu ya miaka 7 ikaungua. Kijiji kimemtoza faini, mimi sijapata hata shilingi. Nifanyeje?*

Pole sana, mama. Faini ya sheria ndogo ni ya kijiji. Ni adhabu ya kuvunja sheria, haihusiani na hasara yako. Fidia ni dai lako binafsi na lazima ulianzishe mwenyewe.

Usikate miti bado. Piga picha kutoka pembe zote, na upige na mahali moto ulipoanzia na njia uliyopita, kabla nyasi hazijaota. Omba kwa mtendaji nakala ya maandishi ya shauri lile, likionyesha jirani alitozwa kwa kosa gani. Hiyo ina uzito mkubwa. Toa taarifa polisi upewe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kisha andika barua kwa afisa misitu wa wilaya akufanyie tathmini: idadi ya miti, umri, iliyokufa, iliyobabuka, thamani. Ukiwa ulipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja ilikuwa na miche kama 450, na kumbukumbu yoyote ya ununuzi wa miche au vibarua inasaidia.

Tathmini ikikamilika, vuna upesi. Msindano uliokufa ukisimama huingiwa na ukungu wa bluu na wadudu, na mbao zake hushuka bei. Miti ya miaka 7 ni midogo, lakini nguzo za ujenzi na kuni zina soko. Usisahau kibali cha kuvuna na cha kusafirisha.

Jaribu suluhu kwanza mbele ya mtendaji au Baraza la Kata, kwa maandishi, yenye tarehe za malipo. Ikishindikana nenda mahakamani. Karani atakueleza kama dai lako linaanzia Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya. Madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3 tangu tukio. Kama polisi watamfungulia kesi ya jinai, mwombe mwendesha mashtaka aiombe mahakama itoe pia amri ya fidia. Na ikithibitika alichoma miti yako kwa makusudi, hilo si kosa la kijiji tena: Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayechoma mazao au miti iliyopandwa ya mtu mwingine kwa makusudi.

Kurina asali kwa mwenge

*Babu zetu walirina kwa mwenge wa nyasi. Sasa tunaambiwa ni kosa.*

Mwenge unadondosha cheche kutoka juu ya mti hadi kwenye majani makavu, na mrinaji akiwa juu anaumwa na nyuki hawezi kushuka kuzima. Tumia bomba la moshi. Jaza kinyesi kikavu cha ng'ombe au magunzi yaliyopondwa, washa chini, shindilia majani mabichi machache juu ili moshi uwe baridi. Safisha mduara wa mita 3 chini ya mzinga kabla ya kupanda. Ukimaliza, mwaga mabaki kwenye ndoo ya maji. Asali pia haitakuwa na harufu ya moshi, na wanunuzi wanalijua hilo.

Kuchoma taka uani, Njombe mjini

*Gari la taka halipiti kwetu. Nachoma taka kila Jumamosi. Jirani anatishia kunishtaki.*

Anaweza. Halmashauri za miji zina sheria ndogo zinazokataza uchomaji ovyo, na moshi unaomwingilia mwenzako ndani ni kero kisheria hata kama hakuna kilichoungua. Ila wajibu wa kuzoa taka ni wa halmashauri, kwa hiyo wewe na yeye pelekeni malalamiko pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa. Sauti mbili zinasikika kuliko ugomvi.

Tenga taka. Zinazooza ndizo zinazoongeza uzito: zichimbie shimo la mita 1 kwa 1, kina sentimita 60, tabaka za sentimita 20 ukibadilishana na majani makavu na majivu kidogo, geuza kila baada ya wiki 3. Chupa na makopo yana wanunuzi. Plastiki, raba, nyaya, betri na makopo ya dawa ya kupulizia visiingie motoni kabisa. Moshi wa plastiki ngumu ya mabomba una sumu kali, na kopo la dawa hulipuka usoni. Zikibaki karatasi na majani, na sheria ndogo ya kwenu ikiruhusu, chomea ndani ya pipa la chuma lililotobolewa chini na kufunikwa wavu, mita 5 kutoka ukuta au uzio, ndoo ya maji ikiwa kando, na usiondoke.

Moto umekuja, tufanye nini?

*Kijijini kwetu moto ukitokea kila mtu anakimbia na tawi lake. Mwaka jana nusura mtu afe.*

Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, haipotezi kitu. Lakini kwa vijiji vya mbali gari litachukua muda na huenda lisipate njia, kwa hiyo dakika za kwanza ni zenu. Mjulisheni pia msimamizi wa shamba la serikali lililo karibu, kama Sao Hill kwa watu wa Mufindi. TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania wanaosimamia mashamba hayo, wana vikosi, na moto ule unawahusu.

Mtu mmoja aongoze. Wa kwanza kupelekwa salama ni watoto, wazee na wagonjwa, kwenye eneo lililokwisha kuungua au lililolimwa, kamwe wasipelekwe juu ya mlima. Wanaozima waende wawili wawili, kila jozi ijue njia yake ya kutokea kabla ya kuanza, na mtu mmoja asimame mahali pa wazi akitazama upepo peke yake bila kazi nyingine. Anzieni nyuma ya moto na mbavuni, mkiwa na eneo jeusi karibu, mkiubana kuelekea kichwani. Anayesimama mbele ya moto kwenye mteremko hana pa kwenda. Nusura ya mwenzenu huenda ilitokana na hilo.

Miali ikiwa chini ya kifua, kama mita 1.2, kipigio na bomba vinaweza. Ikizidi hapo, acheni, rudini kwenye barabara ya moto au njia ya gari mkaipanue. Kipigio kinakandamizwa na kuburuzwa. Ukikipiga kwa kukiinua juu unatawanya cheche. Pokezaneni kila dakika 15 hadi 20 na mnywe maji, maana joto huwaangusha watu kabla ya miali. Ukishazimika, wekeni zamu ya usiku na ya kesho mchana.

Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 uliendelea siku nyingi licha ya mamia ya watu kujitokeza, kwa sababu kwenye ukanda ule wa vichaka vya mlimani moto uliingia kwenye mizizi na mboji. Taarifa ya awali ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, ilisema chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Jiko dogo kwenye nyasi kavu linahitaji mduara ule ule uliosafishwa, na maji yale yale.

Sheria ndogo ya moto inapitaje?

*Mimi ni mtendaji mpya. Kijiji chetu hakina sheria ndogo ya moto. Nianzeje, na niweke nini?*

Utaratibu uko kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287: Halmashauri ya Kijiji inaandaa rasimu, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaijadili, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kabla ya idhini hiyo usitoze mtu faini. Ukitoza bila hiyo, mahakama itaibatilisha na watu watakudharau kwa miaka. Mwone mwanasheria wa wilaya mapema, asije akairudisha kwa ajili ya lugha.

Ndani yake weka mambo yanayopimika. "Asichome ovyo" haina maana mbele ya hakimu. Andika miezi inayoruhusiwa, saa, upana wa barabara ya moto kwa mita, umbali kutoka msitu wa hifadhi, nyumba na nguzo za umeme, idadi ya watu, wajibu wa kurudi kukagua kwa siku 3 baada ya kuchoma, nani anatoa kibali asipokuwepo mtendaji, nani anapiga mbiu na watu wakutane wapi. Weka kifungu cha wafugaji pia. Mkiwanyima kabisa kuchoma malisho watachoma usiku wa Oktoba. Mkiwapangia vipande vidogo vya kuchoma Juni, nyasi zikiwa na ubichi, moto unakuwa mwepesi, majani mapya yanapatikana, na vipande hivyo vyeusi vinakuwa kizuizi cha moto wa baadaye.

Sema wazi faini inakwenda wapi. Tunashauri sehemu yake inunue mabomba, vipigio na mapipa, na orodha ya vifaa ibandikwe ukutani ofisini. Mtu anayeona bomba lililonunuliwa kwa faini ya jirani yake hubishana kidogo zaidi.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila baada ya miezi 3. Rasimu yako ikipita kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka, wilaya itakuwa na miezi ya mvua ya kuipitia, na nakala ziwe zimebandikwa kila kitongoji kufikia Mei, watu wanapoanza kunoa mafyekeo.